Maji ya Mfongo wa Mama

Siku ya kwanza kazini nilipewa kaptula ya kaki iliyonipwaya, panga, na nyundo nzito yenye herufi kichwani. Nikadhani ni ya misumari. Nyapara wa walinzi wa msitu, mtu wa Rombo mwenye kicheko kirefu, alinicheka mpaka akakohoa.

"Hii ni nyundo ya chapa, kijana. Mti ulioruhusiwa kukatwa tunaugonga hapa shinani. Ukikuta kisiki hakina chapa, ujue hapo pamepita mwizi."

Nilianzia msitu ulio juu ya Mkuu, huko Rombo, kisha nikahamishiwa Marangu, nyumbani kwetu. Bwana Misitu wa huko, Mzungu mwenye mwendo wa haraka, aliuliza maswali mengi kuliko mwinjilisti anayefundisha watoto wa kipaimara. Ukungu huu unakwenda wapi? Mbona kijito hiki kimepungua? Nikijibu sijui, ananiambia, "Basi nenda, tazama." Akaniambukiza ugonjwa huo, na sijapona hadi leo.

Haya basi. Kiangazi kimoja mfongo wetu ukapungua. Mfongo ni mfereji. Wetu ulitoka kwenye chemchemi msituni ukapita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kila nyumba kwa zamu yake. Kwa mama maji yalifika yakichuruzika tu. Migomba ikakunja majani, kahawa ikapukutisha maua, na mama hakuwa na shamba lingine. Watu wa Kahe, kule tambarare, nao wakalalamika kwamba mto umekonda.

Mzee wa mfongo, yaani mgawaji wa zamu, alikuwa mjomba Elifasi, kaka yake mama. Akafoka mkutanoni: "Kuna watu wanatoboa mfongo wakati wenzao wamelala! Nawajua!" Majirani wakaanza kutazamana kwa jicho baya, na wawili wakaacha kusalimiana kanisani.

Mimi nikajiuliza: kama maji yanaibwa, mbona sioni kihamba kilicholowa? Nikaufuata mfongo kupanda juu mpaka kwenye chemchemi. Loo! Miti mikubwa iliyokuwa inaifunika haipo. Visiki vibichi, hata kimoja hakina chapa, na jua linapiga matope moja kwa moja. Nikafuata alama za magogo yaliyoburutwa, zikanifikisha nyuma ya hoteli ya wapanda mlima.

Miaka hiyo wageni walikuwa wanaongezeka. Wanashuka treni Moshi, wanapanda mlima, na wakirudi wamechafuka wanataka maji ya moto. Nyuma ya jiko mapipa yalikuwa yanachemka. Nikamuuliza mpishi kuni anazileta nani.

"Unauliza mimi?" akacheka. "Kamuulize mjomba wako!"

Nikaketi kwenye rundo la kuni. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kupogoa kahawa. Nilimpenda, na siku ile nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka.

Nikampasha habari Bwana Misitu, kwa maana ndiyo kazi niliyoapa kuifanya. Mjomba akaitwa kwenye baraza la Mangi, chifu wetu, akakiri, akatozwa faini. Asubuhi iliyofuata alikuja kwa mama ameshika isale mkononi. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Aliyekukosea akikuletea isale kuomba msamaha, ukiwa Mchagga humfukuzi.

"Shikamoo, mjomba," nikasema, maana hasira haifuti heshima.

"Marahaba, mwanangu." Hakuthubutu kuketi. "Nina wana watano na kihamba kimoja. Nikikigawa, kila mmoja atapata pa kusimama tu. Nilitaka niwanunulie shamba huko chini. Nilijua maji yanatoka ardhini. Nikasema miti inahusikaje?"

"Na majirani uliowasingizia?"

"Aibu, mwanangu. Nitawapitia wote."

Mama aliitazama migomba yake iliyonyauka, kisha akamtazama kaka yake. Akalipokea isale kwa mikono miwili, akakaa nalo kidogo, halafu akamrudishia.

"Mimi nimekusamehe, Elifasi. Sasa lipeleke na kwa maji."

Mjomba akalipeleka kweli. Alilichomeka pembeni ya chemchemi, akaongeza mengine kuizunguka, na wanawe wakapanda miche ya miti katikati ya visiki. Bwana Misitu alipopita aliligusa jani moja, akaniuliza linafanya nini.

"Linaomba, Bwana."

"Na likikataliwa?"

"Halikataliwi."

Akachutama, akalishindilia udongo shinani.

Nilistaafu Mwingereza angali yupo. Nyundo nikairudisha ofisini, kaptula nikabaki nayo. Tangu hapo mji wa Moshi umetanuka, unataka mbao na mkaa. Wageni wanataka kuoga. Wajukuu wa mjomba wanataka vihamba. Siwezi kumlaumu hata mmoja wao, na bado najiuliza wote watakunywa nini.

Mfongo ulikauka, na mpaka anafariki mama alikuwa anateka maji mtoni, mwendo mrefu na mteremko mbaya. Mimi hupanda chemchemini nikijisikia nina nguvu. Nainama, naweka kiganja kwenye udongo mkavu. Masale yameshika mizizi, yamenipita urefu, mabichi kabisa. Maji bado hayajajibu.