Mama Mkwe na Meno Matatu ya Piano

Kevina wa Bulumbi aliuza samaki wa moshi katika soko la Busia, na kila Jumamosi alipotoka huko alipitia kanisani kupangusa piano. Hakuna aliyemtuma. Aliipenda tu, basi. Mwaka 1964 mmisionari aliyekuwa akiipiga alirudi kwao, baada ya kuifunga kufuli na kumkabidhi ufunguo Mchungaji Omaido wa Tororo. Omaido, ambaye kanisa lake halikuwa hata na ngoma ya maana, alitangaza kwamba atakuja siku ya mavuno na lori. Asipopata mtu wa kuwaanzishia watu wimbo kwa piano, ataipakia aende nayo.

"Nitapiga mimi," Kevina alisema mbele ya akina mama wote, na alikuwa hajawahi kubonyeza hata jino moja la piano hiyo.

Bulumbi nzima aliyejua piano alikuwa Mwalimu Laban, aliyejifunzia chuoni. Na Laban, balaa gani hili, ndiye aliyemwoa Nasirumbi, binti wa Kevina. Kwa Wasamia, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, wala hawakai chumba kimoja. Wiki hiyo hiyo walikuwa wamekutana njiani, Laban akajitosa mtaroni na baiskeli yake, akatulia humo mpaka mama apite. Sasa mtu wa namna hiyo atakufundishaje vidole?

Nasirumbi ndiye aliyepata akili. Alitundika mkeka katikati ya ua, mama yake akakaa upande huu na mumewe upande ule, wakielekeana, kila mmoja na ubao uliochorwa meno ya piano kwa mkaa. Yeye alisimama upande wa mama yake, akachungulia juu ya mkeka na kutangaza anayoyaona.

"Mama, gumba liko kando ya yale meusi mawili, upande wa kulia. Anaruka jino moja kwenda kushoto, anaweka kidole cha kati. Anaruka lingine, kidole kidogo."

Kevina alijaribu mkono wa kulia, vidole vikapigana. Akajaribu wa kushoto, vikakaa vizuri kabisa.

"Mwambie mwalimu vimekaa."

"Anasema vimekaa!"

"Mwambie Mama ahsante," Laban akajibu toka ng'ambo ya mkeka. "Sasa abonyeze yote matatu pamoja."

Akabonyeza. Ubao ukanyamaza, na wote watatu wakaridhika sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba ukimtazama mtu aliyekuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa maboga na watu. Laban alibaki nje, chini ya dirisha, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani. Omaido akafungua kufuli. Kevina akaweka vidole vyake vya kushoto, akabonyeza.

Sauti haikuwa mbaya. Meno matatu yalikubaliana vizuri, ila yalikubaliana kuhuzunika. Syprose, aliyefiwa na mume, akaweka mikono kichwani na kuanza kumwita marehemu. Benchi lake likaitikia kwa kilio, na benchi la nyuma nalo. Mzee Oguttu, aliyekuwa amesinzia, akazinduka na kuuliza mwili umefika saa ngapi.

"Mama," Omaido alisema kwa Kiswahili chake cha Tororo, naye akijifuta machozi, "leo ni mavuno, hapana matanga. Piano hii nakwenda Tororo."

Kevina aliona kama anaporwa mtoto. Hapo sauti ikaingia dirishani.

"Nasirumbi! Mwambie Mama amegeuza! Aanzie kushoto!"

"Kushoto kwa nani?"

"Kwake!"

"Kwake nani?"

Wapakiaji wa lori walikuwa wameshafika mlangoni. Kevina akavua leso begani, akajifunika toka utosini hadi magotini, akasogea kando ya piano.

"Mwite aingie," alisema humo ndani ya leso. "Mimi simwoni mtu."

Laban aliingia kinyumenyume, akafika kwenye piano, akakodolea macho dari. "Gumba kushoto kwa meusi mawili, ruka moja, ruka moja," Nasirumbi akamtangazia mama yake. Sauti changamfu ikajaa kanisa, na Syprose akanyamaza katikati ya jina la mumewe. Laban akatoka kama alivyoingia.

Kevina akarudi kwenye piano, akapapasa akatafuta meusi mawili. Mkono wa kulia safari hii. Gumba, ruka, ruka. Ikatoka sauti ile ile. Chini ya leso alilia kwa furaha, na watu wakaupokea wimbo kwa nguvu zote.

Omaido alimtazama mama yule aliyejifunika gubigubi, akawageukia wapakiaji wake.

"Wacha tu. Tororo nani najua kupiga namna hii?"

Jumapili iliyofuata Kevina alikaa kwenye kigoda uso wazi, akabonyeza meno yake matatu, sawasawa kabisa. Hakuna aliyefungua kinywa. Akabonyeza tena. Syprose akamwinamia sikioni.

"Mama Nasirumbi, leso iko wapi?"

Kevina akajifunika, na kanisa zima likaimba.