Siku nilipiga chupa ya asali foto

Niseme mbio nimalize: kwa foto ya kwanza ya chupa yenye nilipewa kama kazi, niko mule ndani, na kaleso nyekundu, bila pantalo. Si pembeni ya chupa. Ndani, katikati ya asali, mudogo kama nzi, aparey ya foto kwa jicho, magoti inje.

Ilikuwa kwa studio yangu ya foto, quartier ya Mangobo, chumba moja chini ya mabati. Leo pale wanauzisha bachargeur ya telephone, na nikipita juu ya toleka, ile baisikeli ya kubeba bateja, nageuza kichwa tu. Kwa ukuta nilikuwa nimechoresha avion, ndege kubwa na ngazi yake. Nusu ya bajeune ya quartier walisafiria pale, kwa foto tu. Nilikuwa na mataa mbili kubwa za kusimama, na kopo ya poudre ya uso juu ya wale wanatokaka jasho. Batu, nilijua kuwapiga foto: taa mbele, poudre kwa paji, "kidevu juu, papa," basi. Mambo ya mwangaza yenyewe, hapana. Masomo niliacha mwaka wa ine ya secondaire, na nasikia mwangaza wanafundishaka mwaka wa tano.

Siku moja mama jirani akakuja na chupa. Asali yake ilikuwa inatoka Yangambi na pirogue, mtumbwi ya mto, naye alikuwa anaiuzisha barabarani, beseni kwa kichwa, jua na mvua, miaka mingi. Sasa papa mumoja wa Butembo, mwenye alimentation kubwa pale centre-ville, alikuwa anatengenezesha affiche, tangazo kubwa ya ukutani, ya vitu vya duka yake. Alimuambia anataka foto siku ileile. Foto ikiwa muzuri, asali inaingia kwa affiche na kwa étagère, pale anapangaka vitu vya kuuzisha. Ikiwa mubaya, waachane.

"Mwanangu," mama akaniambia, "miguu yangu imechoka na barabara. Foto hii ndio itaniikalisha chini."

"Chupa tu, mama? Hii hata haipepesi macho!"

Akaniachia chupa, akaenda soko. Nikaitengeneza kama bibi-arusi: mataa mbili mbele. Na kwa vile ilikuwa inangaa kama paji ya jasho, nikaipaka poudre. Ndiyo. Poudre, kwa chupa. Ikawa kama samaki ya kupakwa unga, inangojea kukaangwa. Nikaipanguza. Kisha joto ya mataa na ya mabati ikanishinda, nikavua pantalo. Chupa haina macho, nilijiambia. Nikapiga, nikamutumia mama kwa telephone, naye akamutumia ule papa bila kuangalia muzuri, juu alikuwa ananiamini.

Ile kuniamini ndio inaniumaka mpaka leo.

Nikasikia sauti ya mama kwa mulango, nikavaa pantalo mbio, miguu mbili kwa tundu moja. Aliingia na telephone mukononi, sauti ya papa wa alimentation inajaza chumba:

"Mama, hii ni asali ao mafuta nyeusi ya vidange, ile wanamwangaka chini ya camion? Na huyu mutu ya kaleso ndani ya chupa, naye tunamuuzisha?"

Mama hakucheka. Akaomba musamaha. Papa akasema sawa, atume ingine kabla hajafunga duka, kisha hapo, basi.

Mama akaikala kwa kiti ya bateja. "Asali yangu iko safi," alisema, sauti chini. "Angalia." Na akafanya kile anafanyaka kwa kila muteja mwenye anaogopa wamemuchanganyia sukari na maji: akainua chupa mbele ya dirisha, jua ipite ndani.

Aah! Ile asali ikawaka yote, kama mutu amewasha taa ndani yake. Na kivuli yake ya njano ikaenda kukaa juu ya avion yangu kwa ukuta.

"Mama! Usishushe mukono!"

"Nini tena, weye?"

Nikafunga drap nyeupe ya kitanda kwa dirisha, jua ikalainika. Chupa kwa meza, mbele ya drap. Mataa nikazima yote, hivi kioo ikose kitu cha kuonyesha, kuanzia na miye. Lakini sasa kando za chupa zikapotea ndani ya ule weupe.

"Shingo yake iko wapi?" mama akauliza.

Nikasimamisha karatasi mbili nyeusi, moja kuume, moja kushoto, na kioo ikajichora yenyewe, mustari mweusi safi kila upande. Donc mutu unamuangazia usoni, chupa unaiangazia mugongoni. Karatasi moja ilikuwa inaanguka, mama akaishika.

"Usipumue, mama."

"Nitapumua lini?"

"Affiche ikishatoka."

Tukatuma. Tukangojea. Papa wa alimentation akajibu neno moja: "Leta." Mama akarudi kwa kiti, akavua sapato, akanyoosha miguu mbele yake, akaikala vile muda murefu. Natamani studio ile irudi, lakini zaidi natamani ile saa.

Rafiki yangu alikuwa anatengenezaka batelephone kwa mulango yangu. Jioni nikamuelezea yote, najisifu kidogo: drap, karatasi nyeusi, mugongo ya chupa, quoi. Akasikiliza mpaka mwisho, macho kwa tournevis yake, bisibisi ya batelephone.

"Bon, ndeko," akasema, "mupatie mama aparey. Weye, nenda uuzishe asali."