Blanketi Lililokuwa Likipumua

Mpaka leo ninashindwa kuamini kwamba ni mimi, msomi wa falsafa, niliyetenda jambo hili.

Ninafuga kobayi, yaani simbilisi, sebuleni, kwa kuwa baridi ya Masisi huwaua. Kila blanketi ninalowatandikia hulichimba na kujificha chini yake, mbao za sakafu zikaoza kwa mkojo. Asubuhi ya kupeleka mahari ya mdogo wangu wa kiume nilipata wazo la kukunja pindo mara mbili na kulibana kwa matofali. Blanketi lililokuwa karibu lilikuwa zawadi ya kumpelekea mama mkwe wake. Nikalijaribisha kidogo tu. Sikuona kobayi hata mmoja akiingia chini, basi nikajipongeza, nikalikunja haraka, tukaondoka.

Ukweni, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukubaliwa. Bila mama wa bibi harusi kufunikwa blanketi, bibi harusi asingeitwa, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wetu.

"Mama, bulangeti hii inabeba joto ya nyumba yetu yote," nilisema, nikimfunika mabega na kujivunia hata uzito wake.

Mama akainamisha sikio begani.

"Papa, bulangeti yenu iko napumua."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa wakwe. "Iko mupya, Mama. Itakuzoea."

Pindo nililolikunja kwa ustadi likafunguka. Kobayi wangu mdogo kabisa akatoa pua, akalia mbele ya koo zote mbili. Mama aligusa bega lake lililolowa, akanitazama bila kutabasamu.

"Papa," akasema, "ile joto ya nyumba yenu imefika."