Kilango Chini ya Gari la Mzee

Naandika habari hii daftari langu la zamani likiwa pembeni, maana kichwa changu sikiamini. Kichwa kinapenda kunitetea. Daftari, pamoja na mwandiko wake mbaya wa mtu wa darasa la saba, halinitetei.

Nilikuwa fundi wa magari Kyela mjini. Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi walipoanza kuja wenyewe kununua kakao, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kuonekana hata kwa wakulima. Mzee mmoja wa kijiji cha upande wa ziwani alinunua gari dogo jeupe kwa mwenye duka pale mjini, mtu ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Gari lilikuja na kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kwenye bomba la ekzosi, kabla ya sailensa, palichomelewa tawi fupi la bomba lenye kilango cha chuma ndani yake. Ukibonyeza swichi kwenye dashibodi, mota ndogo ya umeme inakifungua, moshi unatokea hapo bila kupita kwenye sailensa, na gari linanguruma mpaka kuku wanakimbia. Ukibonyeza tena kinafunga, gari linatulia. Huko lilikotoka nadhani vijana wanakiweka kwa kujionyesha. Sina hakika.

Mzee aliendesha kilango kikiwa wazi siku zote. Mjini tulimcheka, na mimi nilicheka. Mtoto wake wa kiume alipokuwa bado nyumbani akiliazima gari, alikifunga; tulijua nani yuko kwenye usukani kwa kusikia tu. Halafu huyo mtoto akaenda Mbeya kwenye biashara ya mbao, akamwacha mkewe na watoto kwa wazazi, na zaidi ya mwaka hakurudi.

Masika hiyo mzee alikuja kwangu kwa miguu, matope mpaka magotini.

"Ugonile, fundi."

"Nimelala salama, tata. Gari liko wapi?"

"Nyumbani. Wiki ya pili sasa."

"Halitaki kuwaka?"

"Linawaka vizuri. Halingurumi."

Nikamwambia hiyo ni nafuu, wenzake wanaomba Mungu magari yao yanyamaze. Hakucheka. Aliniuliza kama mimi si mtoto wa huku. Nikasema wa huku.

"Basi unajua. Mke wa mwanangu analima bondeni, na barabara inapita juu ya tuta. Nikienda kwa miguu, nakohoa. Kwenye gari nitakohoaje?"

Nilijua. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akisikia mkwe anakuja, mwanamke anatoka njiani, anageukia migombani mpaka apite. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kulegeza. Nyumba ile haikulegeza, na siwezi kusema walikosea.

"Si kuna honi, tata?"

"Honi ni kumwita mtu," alisema. "Nimwite mkwe wangu kwa honi, kama naita mbuzi? Ngurumo haimwiti mtu. Inapita tu, mwenye kusikia anasikia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu amepooza upande mmoja. Huyo binti ndiye anamwogesha, ndiye anamgeuza kitandani. Siku akipata aibu kwa sababu yangu akarudi kwao, nani atamgeuza?"

Kwa hiyo nilijua. Hilo daftari limeliandika, na nalirudia hapa ili nisije nikajifanya kwamba nilidhani ni gari tu.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake na spana zangu kwa baiskeli. Nililala chini ya gari kwenye udongo uliolowa. Mota ya kilango ilikuwa imefungwa palepale kwenye bomba, na tope la barabara za mpunga lilikuwa limeijaza. Gia zake za plastiki zilikuwa zimebaki bila meno. Ningeweza kutafuta namna ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Lakini nilitaka kuiboresha. Sijui kama ni ufundi ulionituma au ni majivuno. Nilipokuwa kijana vitu hivyo viwili sikuwa navitofautisha.

Nilichukua mota ya kioo cha mlango kutoka gari bovu, yenye gia za chuma. Nikaifunga juu, mbali na tope na joto, nikaivalisha mpira wa tairi la ndani ili maji yasiingie. Kutoka kwenye mota mpaka kwenye kilango nikapitisha waya wa breki ya baiskeli. Mota ikivuta waya, kilango kinafunguka. Mota ikilegeza, springi inakivuta kinafunga. Nilifikiri hivi: waya ukikatika au fyuzi ikiungua, kilango kifunge, moshi usije ukarudi ndani ya gari ukamdhuru mzee. Fikra hiyo haikuwa mbaya. Mpaka leo fundi yeyote nikimweleza anaikubali. Ila mzee alikuwa amesema tu kisikwame tena, nami sikumwuliza anataka kibaki upande gani.

Na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri, nikamwekea taa nyekundu kwenye dashibodi.

"Ikiwaka, kilango kiko wazi," nilimwambia.

"Ndaga fijo," alinishukuru, na akaniita mwanangu.

Hapo ndipo nilipokosea hasa. Taa niliiunga kwenye swichi. Ilikuwa inasema kwamba swichi imebonyezwa, haisemi kilango kiko wapi. Kuiunga kwenye kilango chenyewe kungenichukua nusu siku nyingine chini ya gari, na mvua ilikuwa inakuja.

Gari lilinguruma kuliko zamani. Yule mwenye duka alinikuta sokoni akaniambia, "Fundi, nimemwuzia mzee gari, wewe umempa simba. Sasa na jogoo wangu anaadhini saa mbaya kwa hofu." Watu wakacheka. Nilirudi kazini nimefurahi.

Haikupita miezi miwili. Yaliyotokea niliyasikia kwa watu wengi na kila mmoja aliongeza la kwake, basi nikaenda kumwuliza mwenyewe, mke wa yule kijana, kwao, alipokuwa amekwisha kurudi. Alikuwa ameketi barazani, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni. Nilimwambia mimi ndiye niliyetengeneza lile gari. Mama yake akataka nifukuzwe. Yeye akasema, "Mwache aketi, mama. Amekuja kuuliza, hajaja kujitetea." Sikuwa na hakika kama ni kweli, lakini niliketi.

"Nilikuwa napanda mpunga karibu na tuta," alisema. "Nikaona gari jeupe linakuja, kimya. Kaka, gari lile likija kimya ni nani?"

Niliutazama mkono wake uliofungwa.

"Nikasema amerudi. Amefika na basi la asubuhi, amechukua gari la baba yake kunifuata shambani. Niliacha miche hapohapo. Nilikimbia. Nilipanda tuta nikasimama katikati ya barabara na matope yangu, nacheka. Gari likasimama. Nikaenda mpaka dirishani, nikainama nichungulie." Alikiweka sawa kitenge shingoni. "Nikamwona baba mkwe, na yeye akaniona. Nilikuwa bado nacheka."

Pale barabarani alifunika uso kwa mkono, akarudi nyuma bila kutazama, na tuta likaishia. Kulikuwa na mfereji umejaa. Aliangukia mkono, ukavunjika, na nguo zikawa nzito kwa maji, hakuweza kupanda.

Mzee hakushuka. Asingeweza kumshika mke wa mwanawe, hata kumtazama akiwa amelowa vile. Aligeuza uso upande wa pili, akapiga honi. Akapiga, akapiga, mpaka wanawake wa mashamba ya mbali wakaja kumtoa.

"Nilimsikia ananiita," alisema yule binti. "Sikasiriki. Angefanya nini? Lakini nitarudije kumwogesha mke wake, na yeye yuko chumba cha pili, na sote tunajua?"

Nilikwenda kuliangalia gari. Swichi ilikuwa imebonyezwa, taa nyekundu inawaka vizuri kabisa, na waya wa breki ulikuwa umekatika mahali ulipopita karibu na bomba la moto. Haukuwa waya mpya nilipoufunga. Nilimweleza mzee yote matatu: waya, springi, taa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyesema kisikwame," alisema. "Hakikukwama."

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Nasikia hakuna aliyepandisha sauti. Baba wa binti alisema hawana ugomvi, ng'ombe wa kufuta aibu wamempokea, ila binti atatoka pale siku mumewe atakapokuja kumchukua mwenyewe kwa miguu yake. Ni neno la haki, sioni wa kumlaumu. Barua ikapelekwa Mbeya kwa mkono wa dereva wa basi. Ikapelekwa nyingine. Hakuja, wala hakujibu.

Mzee hakuniomba chochote tena. Nilikwenda mwenyewe, kiangazi, kugeuza springi ivute upande wa kufungua, na kuiunga taa kwenye kilango chenyewe. Nilikuta gari limeegeshwa chini ya mapaa, magunia ya kakao yako juu ya kiti. Majirani walikuwa wamepokezana mwanzoni kumwogesha na kumgeuza mgonjwa, halafu mavuno ya mpunga yakaanza, na kila mtu ana kwake. Nilifanya kazi mpaka jua likawa la katikati. Nilipotoka chini ya gari mzee alikuwa amesimama mlangoni ameshika shuka.

"Nawa mikono, mwanangu, unishikie huku," alisema.

Nilinawa, ingawa harufu ya mafuta ya gari haitoki kwa maji matupu. Ndani palikuwa na giza kidogo. Mkewe alikuwa mwepesi, mwepesi sana, nikamshika mabegani nikamwinua, na mzee akaanza kuvuta shuka la chini polepole, kama mtu asiyejua pa kuanzia. Mgongoni mkewe alikuwa na vidonda viwili.

"Ni mama wa wajukuu amerudi?" aliuliza yule mama, uso wake ukiwa ukutani.

"Bado," mzee alisema. "Ni fundi."

Tukamgeuza.