Hereni za Agneta

Mzee Wamalwa, jirani yangu hapa Kitale, ni mtu wa kunyamaza. Mkewe Agneta ndiye aliyekuwa redio ya boma lile. Tangu tumzike Kamukuywa, kule Bungoma, miaka miwili sasa, boma limekuwa kimya mpaka nasikia kuku wao wakiparura majani.

Agneta alikuwa muuguzi. Ua alilolipenda kuliko yote aliachiwa na muuguzi mwenzake, Mzungu aliyekuwa akiondoka hospitali ya Lugulu kurudi kwao. Mzungu aliliita moyo unaovuja damu. Agneta alilikataa jina hilo, maana damu alikuwa ameiona ya kutosha wodini. Yeye aliliita hereni, kwa vile maua yake ya waridi hujipanga kwenye kikonyo kimoja yakaning'inia. Halitaki jua. Alilipanda nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, mahali ambapo mimi ningemwaga maji ya vyombo, akalirutubisha kwa majani yaliyooza. Mvua ikianza, lachipuka. Kiangazi kikija, lanyauka lote usione hata jani, kumbe mzizi uko hai chini.

Kila mwaka kikonyo cha kwanza alikikata, akakitia kwenye glasi mbele ya sahani ya mumewe. Alipofariki, mzee akakikata mwenyewe, akaiweka glasi mbele ya kiti cha Agneta. Nilimkuta hivyo siku moja, nikamhurumia hadi nikasahau nilichokuja kuazima.

"Mama Gachanja," aliniambia, "mimi nilitaka nipandie yeye hii kwa kaburi. Lakini kule ni jua tupu. Na mzizi ni moja. Nikitoa hapa, nabaki na nini?"

Mwaka huu mwanawe Ian, anayefanya kazi Mombasa, alimleta mkewe Phelista akae karibu na mzee. Msichana wa kutoka Kibabii, kule kule Bungoma, huyo, mikono yake haijui kutulia. Lakini kwa Wabukusu, mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawapigi gumzo. Phelista anaandaa chakula mezani, anatoka. Basi mimi, Mkikuyu wa watu, nikawa simu yao. "Mama Gachanja, si uulize baba kama chai imekolea?" Nauliza, najibiwa, narudisha jibu juu ya uzio. Nilicheka, tena nilichoka. Sisi huongea na baba mkwe hadi anatukimbia.

Habari za hereni hakuna aliyenituma nizipeleke.

Machi mvua ilipoanza, Phelista aliamkia jembe. Huku kwetu kuacha udongo mtupu msimu wa kupanda ni aibu, na chini ya mparachichi palikuwa patupu kabisa. Alitaka kumpandia mzee nduma, ambazo hazisumbuliwi na kivuli. Akalima hadi chini, mizizi ya kahawia akaitupa kwenye rundo la magugu. Mzee akatoka, akaona, akafungua kinywa. Mimi ningepiga mayowe yasikike mjini. Yeye alikifunga tena, akaingia ndani.

Phelista alipokwenda kuteka maji, nikamwona mzee amepiga magoti kwenye rundo, kofia mkononi, anachambua magugu huku akilia.

Phelista akarudi na mtungi, akanisogelea kwenye uzio. "Mama Gachanja, baba anatafuta nini?"

Nikamweleza, kwa ukali kuliko alivyostahili. Akautua mtungi. Akaenda moja kwa moja, akapiga magoti upande wa pili wa rundo, akaanza kuchambua naye.

"Baba, nisamehe. Sikujua."

Mzee hakuinua macho. Aliendelea kuchambua. Kisha akamjibu mwenyewe, bila simu. "Hiyo ni mzizi ya nyasi. Tupa. Hii ndio ya mama yako."

Jioni ile nilimsikia akiongea kuliko miaka yote miwili. Jinsi Agneta alivyokosea tyuni kanisani na bado akaimba kwa nguvu, jinsi alivyocheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Phelista aliketi upande wa pili wa mparachichi, amempa mgongo kwa heshima, akisikiliza.

Jembe lilikuwa limeukata mzizi vipande vipande. Wakavipanda kwenye mikebe kivulini. Kila asubuhi mzee aliinama kuvitazama. Vingine vikaoza, nami nikakata tamaa kabla yake. Mei, vichache vikachipuka. Kimoja kikarudi chini ya mparachichi.

"Sasa ziko mingi," akaniambia. "Naweza pelekea yeye."

Agosti tulikwenda Kamukuywa kwa pikapu ya kukodi. Nilitarajia kuona mikebe, nikakuta miche ya migomba imejaa nyuma. Kaburi lilikuwa linawaka jua. Mzee akatazama jua linakotoka na linakokwenda, akachimba mashimo, Phelista akimpokeza miche.

"Baba, na hereni?" Phelista akauliza.

"Kwanza kivuli. Hii ikikuwa, ndio tutaleta."

"Si itachukua mwaka mzima, baba?"

Mzee alipangusa udongo mikononi, akautazama mgomba ulio karibu, jani lake moja likiwa bado limejikunja. Halafu akavua kofia yake, ile ile aliyookotea mizizi, akaiweka juu ya kaburi upande wa kichwa.

Tukarudi Kitale akiwa kichwa wazi.