Gari la Masanduku ya Kura

Masatu alipoanza kusimamia kituo cha kupigia kura, mwaka 1995, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka thelathini na mitatu, na jimbo lao lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mgombea aliyewahi kumaliza kulizunguka. Lilianzia kijijini kwake Kabuyenge, kwenye ncha ya rasi, maji pande tatu. Kutoka hapo likapita mashamba ya mihogo na pamba, likavuka barabara kuu ya Musoma, likaenda kuishia kwa watu ambao tembo huwalia mahindi yao shambani. Wa huku walivua, wa kule walichunga. Mbunge wao alikuwa mmoja.

Mwaka ule watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wamevaa nguo za kanisani. Mgombea aliyeshinda alikuwa ameahidi zahanati: wananchi wainue kuta, serikali ilete bati na mganga. Basi wanaume wakapasua mawe, wanawake wakabeba mchanga kutoka ufukweni kwa ndoo. Kuta zikapanda mpaka kwenye renta, juu ya milango, zikangoja bati.

Uchaguzi uliofuata gari la masanduku lilikwama mtoni siku nzima, na Masatu akashinda amekalia sanduku lake kama kuku anayeatamia. Walipofika makao makuu ya jimbo, wafuasi wa mshindi walishaanza kucheza ngoma barabarani. Karani alipokea fomu zake bila kunyanyua uso.

"Weka hapo, Mwalimu."

Kura za Kabuyenge zilikuwa mia tatu na kitu. Mshindi alikuwa ameshinda kwa maelfu.

Mbunge wa pili alifika kijijini mara mbili, kuomba na kushukuru. Baadaye jimbo likagawanywa, Kabuyenge ikaangukia upande mpya. Mbunge mpya akasema lile boma la zahanati lisiloezekwa limeandikwa kwenye mipango ya jimbo la zamani. Wakamfuata yule wa zamani, naye akawaambia kwa upole kwamba wao si watu wake tena. Na hata baada ya kugawanywa, jimbo bado lilikuwa safari ya siku nzima toka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Si uwaambie wewe, unajuana nao?" mkewe, Mary, alimwuliza siku moja.

"Mimi nawahesabiaga tu kura," Masatu alijibu. "Wakishahesabiwa hawanijui."

Ndipo ukafika uchaguzi wa mwaka 2015.

Hilda, binti yao wa mwisho, alikuwa ameolewa na seremala wa Nyasura, mjini Bunda. Alikuja nyumbani kwa mama yake akiwa na mimba ya kwanza, akipanga kurudi mjini wiki mbili kabla ya kujifungua. Uchungu ukamuwahi. Ulianza Ijumaa, na Jumamosi adhuhuri, siku moja kabla ya kura, Boke, mkunga wa kijiji, alitoka chumbani akamwita Masatu pembeni.

"Mwalimu, mtoto amekaa vibaya. Huyu mimi simuwezi. Apelekwe hospitali, na iwe sasa hivi."

Injini mbili za boti za kijiji zilikuwa zimekodiwa tangu asubuhi kupeleka makarani wa uchaguzi visiwani. Kupiga kasia mpaka Musoma kwa upepo ule hakuna aliyethubutu. Wakaita bodaboda. Hilda alijaribu kukaa, akapiga ukelele mmoja, wakamshusha wakamrudisha kwenye mkeka.

Saa saba mchana likasikika gari. Lilikuwa Landkruza ya masanduku ya kura, gari la kwanza kuingia Kabuyenge tangu kampeni ziishe. Masatu alilikimbilia. Dereva, kijana wa Musoma mjini aliyeitwa Khalidi, alifikiri mzee anakimbilia kazi. Akamshushia sanduku, karatasi za kura na chupa ya wino, akampa daftari. Masatu akasaini mbiombio, ndipo akasema.

"Kijana wangu, nina binti yangu ndani, anakufa. Nisaidie umfikishe hospitali."

Khalidi akamtazama askari aliyeketi mbele. Askari alikuwa mtu mzima, hana ukali.

"Tumebakiza vituo vitatu, mzee," askari alisema. "Mpaka nyuma ya ule mlima. Kesho saa moja lazima vifunguliwe."

"Yaacheni hayo masanduku hapa kwangu. Mtayarudia."

"Nikiyaacha mahali pasipo pake, kesho watasema kura zimeibiwa. Watu watachomeana nyumba." Akashuka, akapanda juu ya jiwe ambako mtandao hushika, akapiga simu kwa wakubwa. Aliongea muda mrefu, akimsihi mtu. Aliporudi alikuwa amevua kofia. "Wamekubali apande. Ila tupeleke masanduku kwanza, ndipo tugeuze."

Khalidi mwenyewe ndiye aliyesogeza masanduku na kutandika godoro katikati. Wakambeba Hilda, Mary akapanda akampakata kichwa. Masatu naye alikuwa ameshaweka mguu mmoja garini askari alipomgusa bega.

"Wewe ndiye msimamizi, Mwalimu. Umeshasaini. Ukiondoka, hivi vitu unamwachia nani?"

Masatu aliangalia sanduku lililokuwa kwenye vumbi. Aliangalia binti yake.

"Baba, baki tu," Hilda alisema, midomo imemkauka. "Mama yupo."

Akaushusha mguu. Gari likaondoka, likishika njia ya mlimani, hospitali ikibaki nyuma yake.

Asubuhi ya Jumapili alifungua kituo, katika darasa la shule yake, saa moja kamili. Aliwaonyesha mawakala wa vyama kwamba sanduku ni tupu, akalifunga kwa lakiri, akamkaribisha mpiga kura wa kwanza. Hakuwa amelala, na hakuwa amepata habari yoyote. Kila aliyeingia alimwangalia kwa muda mfupi kuliko kawaida, akanyoosha kidole kipakwe wino.

Saa tano bodaboda alisimama nje ya darasa. Aliitwa Alfonce, alikuwa amekwenda alfajiri, mtandao wa kule jiweni ulipokataa, mpaka kituo cha mafuta barabarani kumpigia Mary simu. Hakuvua hata helmeti.

"Mwalimu, Hilda mzima. Wamempasua." Akazima pikipiki. "Ila mtoto walikuta ameshakufa. Walifika jua linazama."

Foleni yote ilisikia. Mwanamke mmoja mzee akafunika mdomo kwa khanga. Hakuna aliyetoka kwenye mstari, na Masatu hakuwalaumu. Wengine walikuwa wametembea tangu gizani. Alibaki ameshika orodha ya majina, kidole kikiwa juu ya jina la mtu aliyesimama mbele yake. Wakala mmoja akanong'ona kwamba kituo kisimame dakika kumi.

"Hapana," Masatu alisema. "Endeleeni."

Walihesabu kura baada ya saa kumi, mia tatu themanini na tisa. Alizitangaza kwa sauti yake ya darasani, mawakala wakasaini. Katika fomu ya mwisho palikuwa na nafasi ya msimamizi kueleza kama kulitokea tukio lolote kituoni. Masatu akaandika: Hakuna.

Mbunge aliyeshinda alikuja kushukuru baada ya miezi minne. Masatu alimpeleka kwenye boma la zahanati, ambamo mbuzi walikuwa wamejikinga jua, akamsimulia habari ya gari. Alitaka mtu yule akasirike, au akane, apate wa kugombana naye. Mbunge alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa leso, na Masatu aliona kwamba machozi yale si ya kampeni.

"Mwalimu, nikudanganye ili iweje? Nina maboma kama hili kumi na saba. Kila kijiji kinaniambia kilizika mtu. Jimbo hili limenishinda hata kulitembea."

Wakasimama wote wawili mbele ya boma mpaka msaidizi wa mbunge alipokuja kumwambia muda umekwisha.

Hilda alirudi Nyasura. Miaka iliyofuata alizaa watoto wawili huko, salama, na daftari la wapiga kura lilipoboreshwa alihamisha jina lake. Aliwaomba wazazi wahamie mjini. Mary alikuwa tayari.

Mwaka 2020 Masatu aliitwa tena kwenye semina ya wasimamizi. Alikaa na barua ile wiki nzima bila kuijibu. Mary alimtazama kila alipoitoa mfukoni na kuirudisha.

"Usiende," alimwambia hatimaye. "Wamekupa nini hawa?"

"Hawajanipa kitu," Masatu alijibu, "ila sanduku la hapa nimwachie nani?" Asubuhi ya semina alioga, akavaa shati jeupe, akatoka akasimama kando ya njia kungoja bodaboda.