Gari Lisilokula Kitu

Nilinunua gari la umeme, la kifahari, ili wakwe wanione mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa mtumwa wa soketi. Juzi nikienda Kinampanda kumzika baba mkwe, nilizima kiyoyozi njia nzima nikaloa jasho ndani ya suti, na bado gari lilifika msibani likikata roho.

Shemeji yangu alilizunguka akiuliza linakunywa mafuta kiasi gani.

"Hili halili kitu," nilijibu, kifua mbele.

Alipoondoka nikapitisha waya wa kuchajia kwenye dirisha la stoo, nikauchomeka kimyakimya. Kisha nikaenda kukaa mbele, na wakubwa.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri spika zilipozima. Waliokaa nyuma wakawa hawasikii neno. Mimi na mdomo wangu nikasimama: "Hawa watu wa umeme hawana haya! Hata msibani wanakata?" Wazee wakaguna kuniunga mkono, nami nikazidi kulaani.

"Mbona kwa jirani unawaka?" shemeji alisema. Akaenda kuangalia mita. "Uniti zimeisha, na tumejaza asubuhi!"

Ndipo akauona waya. Akaufuata taratibu kutoka dirishani, waombolezaji wote wakimtazama, mpaka kwenye gari langu.

Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Siku hiyo alinitazama.

"Baba," alisema, "ungetuambia tu kwamba gari nalo lina njaa. Tungelipakulia tukishazika."